Rizomu za airisi nilizoagiza: zimeandaliwa vizuri, zimeelekezwa vibaya

Kwa wiki kumi sasa nimekuwa nikifuatilia rizomu nane (mashina ya kupandia) za airisi zenye ndevu, mmea wa maua ambao petali zake zina vinyweleo kama ndevu, na fungu moja la aina nyingine, airisi ya Siberia, zote zikiwa zimetoka kwenye kitalu kimoja kinachouza mimea kwa njia ya posta. Sitazungumzia rangi za maua, kwa kuwa bado hayajachanua, na airisi iliyohamishwa huweza kukaa msimu mmoja au hata miwili kabla ya kutoa ua lake la kwanza. Ninachopima hapa ni mizizi: je, mimea ilifika ikiwa katika hali ya kutoa mizizi mipya yenye nguvu, na je, maelekezo yaliyoambatana nayo yalimsaidia mpandaji kuifikisha huko? Kwa swali la kwanza kitalu hicho kinastahili sifa, isipokuwa katika mambo mawili matatu nitakayoyaeleza. Kwa swali la pili kimekosea, na kosa lenyewe ni la aina ambayo ingeweza kumwozeshea mteja mgeni kifurushi kizima.

Kwanza nieleze kitu chenyewe, kwa sababu hukumu yangu yote inategemea jambo hili. Rizomu ya airisi si mzizi, ingawa wengi huiita hivyo. Ni shina nene linalolala juu ya udongo, lenye umbo linalokaribiana na tangawizi, likiwa na majani upande mmoja na mizizi inayoteremka kutoka tumboni mwake. Ndani ya shina hilo mmea umejiwekea akiba ya chakula, na ndiyo maana rizomu ya airisi yenye ndevu inaweza kukaa nje ya udongo kwa wiki mbili au zaidi na bado ikaota. Baada ya maua kumalizika mizizi ya zamani huanza kuchoka, na mipya huchomoza katika majuma yanayofuata. Kwa hiyo wakulima huchimba, hugawa na kuuza rizomu zao wiki sita hadi nane hivi baada ya maua kukauka, ili ziingie ardhini zikiwa tayari kushika. Kifurushi changu kilitumwa katika kipindi hichohicho, nami nakipongeza kitalu kwa kukataa kunitumia mapema zaidi nilipowaomba.

Kifurushi kilikaa njiani siku kumi na moja. Kilikuwa boksi la karatasi ngumu lililotobolewa pande zote, ndani likiwa na maranda makavu, na kila rizomu ilikuwa imeviringishwa katika karatasi yake yenye jina lililoandikwa kwa kalamu isiyofutika kwa maji. Hapakuwa na mfuko wa plastiki, na hilo si jambo dogo. Rizomu inaendelea kupumua na kutoa unyevu hata baada ya kung'olewa. Ukiifungia ndani ya plastiki unyevu huo hujikusanya juu ya ngozi yake, na bakteria wa uozo laini hawahitaji zaidi ya hapo. Nimewahi kupokea kutoka kwa muuzaji mwingine mimea iliyofungwa kwa plastiki inayobana, na nilipoifungua nusu yake ilikuwa uji.

Majani yalikuwa yamekatwa yakabaki na urefu wa sentimita 15 hivi, kwa mkato wa pembe uliofanana na pepeo. Mtu asiyejua anaweza kudhani mkato huo ni wa urembo wa kufungashia. Ukweli ni kwamba majani marefu yangeendelea kupoteza maji wakati mmea hauna mizizi ya kuyarudisha, na baada ya kupandwa yangekamata upepo kama tanga na kuitikisa rizomu kila siku, na rizomu inayotikiswa hukata mizizi yake michanga kabla haijashika. Nilipenda pia mahali palipokatwa kisu kati ya rizomu na mama yake. Kidonda kilikuwa kimekauka kabisa, kikafunikwa na ngozi ngumu ya rangi ya kahawia hafifu. Nilipokigusa kwa ukucha kilitoa sauti kavu kama ganda la mti. Kovu hilo hupatikana kwa kuiacha rizomu kivulini, mahali penye hewa, kwa siku moja au mbili kabla ya kuifunga, na muuzaji mwenye haraka huiruka hatua hiyo. Huyu hakuiruka.

Upande wa mizizi sifa zangu zinapungua. Rizomu sita zilikuwa na mizizi ya sentimita 8 hadi 10, iliyonyauka kidogo lakini imara. Wapo wanaosema mizizi ya zamani haina kazi kwa kuwa mipya itaota tu, na kwa upande wa kufyonza maji wana hoja, ila wanasahau kwamba mizizi hiyo ndiyo nanga. Ikitandazwa pande mbili za tuta na kufukiwa, huishikilia rizomu isigeuke wala kuinuka mpaka mipya itakapoingia kazini. Rizomu ya saba ilikuwa imekatwa mizizi yote hadi chini ya sentimita moja, ikabaki na vijiti vifupi kama ndevu zilizonyolewa jana. Sijui sababu ya kuikata hivyo, na karatasi iliyoambatana nayo haikusema lolote juu yake.

Ya nane ilikuwa imeoza. Niliitambua kwa harufu kabla ya kuifungua, kwani uozo laini wa airisi una harufu mbaya ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Nilipoichunguza niligundua kwamba ndiyo pekee ambayo lebo yake ilikuwa imebandikwa kwa utepe wa plastiki uliozungushwa kwenye rizomu yenyewe mara mbili tatu, na uozo ulianzia chini ya utepe huo, mahali ambapo hewa haikupita. Niliwaandikia wauzaji siku hiyohiyo nikiambatisha picha. Walijibu kesho yake, wakaomba radhi bila kubishana, na rizomu mbadala ilinifikia baada ya wiki mbili, lebo yake ikiwa imefungwa kwa uzi kwenye jani. Kwa huduma hiyo sina lawama hata kidogo.

Ile iliyooza sikuitupa. Nilikata sehemu laini kidogokidogo, nikifuta kisu kwa spiriti baada ya kila mkato, mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe, ngumu na isiyo na harufu. Kilichobaki kilikuwa theluthi moja ya rizomu pamoja na pepeo moja la majani, yaani kundi la majani lililotandazwa kama kipepeo. Nilikizamisha kwa dakika chache katika maji yaliyochanganywa na dawa ya klorini ya kufanyia usafi, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, kisha nikakiacha mahali pakavu penye hewa kwa siku tatu. Nilikipanda mbali na vingine, na hadi leo ki hai.

Sasa nifike kwenye fungu la airisi ya Siberia, kwa kuwa hapo ndipo tatizo la kifurushi hiki linapojifunua. Airisi ya Siberia ina rizomu nyembamba zilizobanana na mizizi mingi membamba kama nyuzi, nayo haina akiba kubwa ya kuiwezesha kustahimili ukavu. Airisi yenye ndevu hufurahia kukaushwa kabla ya kusafiri. Ya Siberia hudhoofishwa na ukavu huohuo, na inatakiwa isafirishwe mizizi yake ikiwa imezungushiwa karatasi au kuvumwani yenye unyevu, ifikapo ilowekwe majini usiku mmoja, kisha ipandwe bila kuchelewa. Yangu ilikuwa imelazwa kwenye maranda makavu sawasawa na wenzake. Mizizi ilikatika mkononi nilipoigusa, na majani yalikuwa na rangi ya nyasi ya kuezekea.

Nilichukua karatasi ya maelekezo nikitarajia kuona namna ya kuiokoa, nikakuta maneno haya kwa muhtasari: loweka rizomu zote majini usiku mzima, chimba shimo, weka samadi chini, fukia kwa kina cha sentimita 5, kisha mwagilia kila siku. Nilisoma mara mbili. Kulowekwa usiku kucha, kufukiwa kwa kina hicho na kunyweshwa mara kwa mara ni mambo yanayoifaa airisi ya Siberia, wala si yenye ndevu. Kwa maneno mengine, wauzaji hawa waliandaa mimea yote kana kwamba yote ina ndevu, kisha wakaandika maelekezo yote kana kwamba yote ni ya Siberia. Kila mmoja wa mimea hiyo miwili alipata nusu ya haki yake, na nusu iliyobaki ilikuwa hatari kwake.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Rizomu yenye ndevu inataka mgongo wake uonekane juu ya udongo, au ufunikwe kwa safu nyembamba sana tu. Katika udongo wa kichanga na jua kali unaweza kuifunika kwa sentimita mbili hivi, lakini katika udongo mzito wa mfinyanzi hata hizo ni nyingi. Ikifukiwa kwa kina cha sentimita 5 na kumwagiliwa kila siku, shina hukaa kwenye unyevu usiokauka, na lisipooza hujitahidi kupanda juu badala ya kusambaza mizizi. Samadi shimoni inazidisha tatizo, kwa sababu naitrojeni nyingi hukuza majani laini na kuilainisha rizomu yenyewe, na bakteria wa uozo hupenda hali hiyo. Anayetaka kuweka mbolea achague yenye naitrojeni kidogo na fosforasi ya kutosha, kama unga wa mifupa, naye aichanganye na udongo wa chini ambako mizizi itapita, isiguse shina. Mteja aliyeshika kifurushi hiki kwa mara ya kwanza angeitii karatasi, na baada ya mwezi angelaumu hali ya hewa au mkono wake.

Ndani ya boksi kulikuwa pia na pakiti ndogo ya poda ya kuotesha mizizi, iliyoelezwa kuwa zawadi. Poda za namna hii zina homoni inayosaidia vipande vya matawi ambavyo havina mizizi. Rizomu ya airisi inajua kazi hiyo yenyewe, kwa kuwa chanzo cha mizizi kimo tayari ndani ya shina. Hata hivyo sikutaka kuhukumu bila kujaribu. Kati ya zile sita zenye mizizi mizuri, mbili nilizipaka poda, mbili nililoweka kwenye maji safi kwa saa moja tu, na mbili nilizipanda kama zilivyotoka kwenye karatasi. Nakiri kwamba mimea sita ni michache mno kuthibitisha jambo lolote kwa mtu mwingine, lakini ilinitosha mimi kuamua iwapo nitainunua poda hiyo tena.

Kabla ya kupanda niliikagua kila rizomu kwa kuibonyeza kwa kidole gumba kutoka mwisho hadi mwisho, kwa kuwa sehemu laini mara nyingi huhisiwa kabla haijaonekana. Nilikata ncha za mizizi zilizokuwa zimeoza au kukunjamana, nikayaondoa majani ya nje yaliyokauka kwa kuyavuta upande, na nikavaa glovu wakati wote, maana utomvu wa airisi huwasha ngozi za baadhi ya watu. Wenye mbwa au paka nyumbani wasiache mabaki yakizagaa, kwani rizomu ni sumu kwao.

Kitanda cha kupandia nilikiandaa siku kadhaa kabla, mahali panapopata jua kwa zaidi ya nusu ya siku, nikitifua udongo hadi kina cha jembe na kuuinua kidogo ili maji ya mvua yasituame. Kwa kila rizomu nilichimba shimo pana lisilo la kina, kisha katikati yake nikajenga tuta dogo la udongo mithili ya mgongo wa ng'ombe. Rizomu hukaa juu ya tuta hilo kama tandiko, na mizizi hugawanywa, nusu upande huu na nusu upande ule, ikielekea chini. Hapo usiharakishe. Ukiacha mizizi yote upande mmoja au ukaikunja chini ya shina, unabakiza nafasi ya hewa tumboni mwa rizomu, na mizizi mipya itakapochomoza itakutana na uwazi badala ya udongo, ikauke. Nilirudishia udongo juu ya mizizi, nikaukandamiza kwa viganja pande zote mbili mpaka rizomu ikawa haichezi, nikaacha mgongo wake wazi kwa jua. Niliziachia nafasi ya sentimita 40 kati ya moja na nyingine, mapepeo yakitazama nje, kwa sababu rizomu hukua kuelekea upande wa majani na mimea inayotazamana hugongana baada ya misimu miwili. Mwisho nilimwagilia mara moja kwa wingi ili udongo ushikane na mizizi. Baada ya hapo nilisubiri mpaka udongo ulipokauka kwa kina cha kidole ndipo nikarudia.

Siku ya 15 nilishika kila pepeo kwa vidole viwili na kulivuta juu taratibu. Zile sita zote zilikataa kuinuka. Zilizopakwa poda hazikukataa zaidi ya nyingine, na zilizolowekwa kwa saa moja zilikuwa na majani yaliyosimama kidogo zaidi katika wiki ya kwanza, tofauti iliyotoweka katika wiki ya pili. Ile iliyonyolewa mizizi ilikuwa imelala upande baada ya mvua moja tu, nikalazimika kuibana kwa vijiti viwili vya waya vilivyokunjwa. Ilishika siku ya 23. Siku nane za kusubiri zinaonekana chache kwa anayepanda mapema, lakini kwa anayepanda karibu na majira ya baridi, ambaye anahitaji wiki sita hivi za mizizi kabla ya barafu ya kwanza, siku hizo ni sehemu kubwa ya alichonacho.

Siku ya 20 nilifanya jambo ambalo simshauri mtu alifanye kwa kila mmea: nilifukua ubavu wa rizomu moja kwa kidole na brashi laini ili nione kinachoendelea. Mizizi ya zamani ilikuwa palepale nilipoiweka, ya kahawia na mikunjo, haijaongeza hata ncha moja. Mizizi mipya ilikuwa imetokea sehemu nyingine kabisa, nyuma kidogo ya mahali majani yanapoanzia, mitano kwa idadi, myeupe kama mchele uliooshwa, minene kama njiti ya kiberiti, na ngozi ya shina ilikuwa imepasuka kidogo pale kila mmoja ulipotokea. Mmoja ulikuwa umeshazama chini kuliko kidole changu kilivyoweza kufuata. Hapo nilielewa vizuri zaidi kwa nini sehemu ya mbele ya rizomu, iliyo karibu na pepeo, ndiyo inayopaswa kushindiliwa udongo kwa uangalifu mkubwa kuliko mkia wake. Karatasi ya maelekezo haikutaja jambo hilo kwa neno lolote, nami nililifukia shimo langu haraka.

Kwa hiyo nawapa wauzaji hawa alama nne kati ya tano kwa rizomu zenye ndevu, kwa sababu ya ukaushaji, ukataji wa majani na namna walivyorekebisha kosa la utepe. Alama moja nimeiondoa kwa ajili ya ile iliyonyolewa mizizi. Kwa karatasi ya maelekezo nawapa moja. Nimewaandikia nikiwaomba wachapishe karatasi mbili tofauti na waifunge airisi ya Siberia katika kitu chenye unyevu, nao wamejibu kwamba watalifikiria suala hilo. Nitasahihisha tathmini hii siku nitakapoona wamebadilisha. Nitaagiza kwao tena airisi zenye ndevu bila wasiwasi. Airisi ya Siberia sitaagiza kwao mpaka wabadilishe namna ya kuifunga.

Fungu lenyewe la airisi ya Siberia nilililoweka majini usiku mzima, nikalipanda kwa kina cha sentimita 4 mahali penye udongo unaoshika unyevu, na nimelinywesha kila udongo ulipoanza kukauka. Kwa wiki saba halikuonyesha dalili yoyote. Juzi nimeona vijani vitatu vya kijani, vyembamba kama sindano, vikitokea pembeni mwa majani yaliyokauka, na nimeviwekea kijiti cha alama ili mtu asivikanyage.